Neno Niliandika Juu ya Koli ya Kambo

Kwetu kuna njia mbili za kutuma zawadi ya Noeli, na mimi na mama tuligawanyika juu ya hizo njia sawa wakristo wa makanisa mbili. Mama anaamini mukono ya muntu. Unatafuta muntu mwenye anaenda kule, unamupatia koli, ni kusema kifurushi yako, unamuambia Mungu akutangulie, unarudi nyumbani kupika. Mimi naamini ajansi: depo yenye mulango na kufuli, fishi ya kujaza, resi, ile risiti yenye kashe, muhuri wa wino ya zambarau. Nilimaliza sekondari, niko na diplome ya Leta, ya serikali, tena ya komersiale. Kitu yenye haina resi, kwangu haijatumwa, imepotezwa tu kwa heshima.

Mwaka uliopita mama alituma kwa mukono ya muntu. Muntu muzuri kabisa, sina neno naye. Alishuka mu kijiji fulani njiani kusalimia shangazi yake, akakuta shangazi amekufa jana yake. Akakaa matanga. Matanga ikaleta maneno ya urithi, urithi ikaleta kesi. Koli yetu ilifika Kirungu Jumatano ya Majivu. Biskuti zilikuwa zimeliwa na wenye kulia, sabuni ilikuwa imefua nguo za matanga, na kambo, nyanya yetu, alipokea pakiti moja ya chumvi pamoja na salamu.

"Aksanti kwa chumvi," alituambia ku simu. "Nitafunga nayo Kwaresima."

Njo maana mwaka huu nilisimama katikati ya nyumba, nikasema: "Koli ya kambo, mwaka huu ni mimi."

Mama alikuwa anachagua muchele. Ata hakuinua kichwa. "Wewe mwenye hauwezi kungojea wali iive?"

"Wali haina resi, mama."

"Haya. Tutaona resi."

Kambo ni mama wa mama yangu. Anakaa Kirungu, kule juu ku milima ya Moba, fasi ya baridi, watu wanalima maharagi na wanavaa pulovere sawa wazungu. Amekuwa mu kikundi cha wamama wa parokia mbele mama yangu azaliwe. Na mwaka huu ile kikundi ilichagua kikwembe mupya, kitenge ya bluu yenye nyota nyeupe, ya kuvaa siku ya Noeli. Wamama sita, wote na ile kikwembe, watabeba matoleo mpaka ku altare, na mwenye kutangulia, na kikapo ya maharagi mapya, ni kambo. Miaka yote hiyo alikuwa anabeba nyuma, ao hakubeba kabisa. Mara hii yeye mbele. Lakini kikundi iko na sheria: mwenye hana kikwembe mupya habebe kitu. Na kule Kirungu kikwembe ilikuwa imeisha, wenye mbio walikuwa wameinunua yote. Ku soko ya Kalemie, kwetu, ilikuwa ingaliko, na tukainunua.

Kambo alitupigia mu mwezi wa kumi. Kwa kupata rezo ya simu anapanda ku kilima nyuma ya shule, na akifika juu anaongea na sauti ya muntu anaita mbuzi.

"Kamata kalamu! Kifua: shibiri ine na vidole viwili! Kiuno: shibiri ine kamili! Mukono..."

"Kambo, kule hakuna mita?"

"Mita ya mushonaji ilikuliwa na panya. Andika!"

"Lakini shibiri ya mukono ya nani?"

"Ya mukono yangu! Unataka niazime mukono ya jirani?"

Niliandika yote mu kaye, daftari yangu. Kisha tukabaki kuangaliana, mimi na mama, juu mukono ya kambo haikuwa pale. Mukono yangu ni kidogo sawa ya muntu wa kuchambua dagaa. Ya mama ni kafi ya mutumbwi. Mama akasema mikono inarithiwa, binti anakamata ya mama yake, basi tupime na ya kwake. Nikasema mimi pia niko wa damu ile. Akasema ya kwangu ilipita kwa baba, na tukaacha pale.

Mushonaji alipima shibiri ya mama na mita yake, akazidisha ku karatasi, akainua macho. "Huyu kambo yenu ni muntu munene."

"Ni mwembamba sawa ufagio," nikasema.

"Hesabu haidanganyi, mademuazeli."

Ningebishana naye. Lakini huyu ni mushonaji mwenye kila siku anasema rudi kesho, na mimi kesho zake zilikuwa zimeniishia. Nikasema shona. Libaya, ile blauzi ya kuvaa na kikwembe, ikatoka kubwa, kambo wawili wangeingia ndani na wakapata fasi ya kugeuka. Mama akaiinua mbele ya dirisha, akaiangalia sana.

"Atanenepa," akasema.

Kufunga koli ilituchukua siku nzima. Nilikuwa nimetafuta karton nzuri, ngumu, nikanunua skoch pana ya rangi ya kahawa. Nikapanga kikwembe na libaya chini, ndani ya sashe ya plastiki, sabuni mbali, biskuti juu. Nikafunga skoch. Mama akasema: "Ngoja." Akaleta chumvi. Nikafungua, nikafunga. "Ngoja." Akaleta dawa ya mugongo. Nikafungua, nikafunga. "Ngoja, usikasirike." Akaleta pulovere. Mara ya ine alikuja na dagaa kavu, zimefungwa mu gazeti.

"Hapana! Mama, hapana. Kambo ataenda ku altare ananuka samaki!"

"Yesu aliita wavuvi," mama akasema, "hakuuliza wananuka nini."

Tukapatana dagaa ziingie mu sashe tatu, moja ndani ya ingine, mbali na nguo. Skoch ilikuwa karibu kuisha. Nilibeba ile karton ku kichwa mbio mbio mbele akumbuke kitu ingine.

Ku depo ya bandari alikuwa papa mumoja muzee, mwenye lunette zilizofungwa na uzi ku sikio moja. Alikuwa peke yake mukubwa wa koli zote za upande wa Moba, na alizijua sawa muchungaji anajua ng'ombe. Akanipatia fishi. Nikajaza vizuri: mutumaji, mupokeaji, kilo. Akasoma kila musitari na kidole.

"Bien. Sasa juu ya karton andika neno moja, kubwa. Moja tu. Watu wa boti hawapendi kusoma."

"Neno gani, papa?"

"Ya kuonyesha ni nini."

Alinipatia kalamu nene ya wino nyeusi. Nikafikiri kidogo tu, juu mimi sifikiri murefu, na nikaandika: BONANE.

Niwaeleze, wenye hawako wa huku. Bonane ni Mwaka Mupya. Lakini bonane ni tena zawadi. Kuanzia katikati ya Desemba mutoto wa Kalemie hakusalimie tena, ananyoosha mukono: "Bonane yangu?" Muuza makaa anakuambia bonane yangu. Muntu mwenye uligombana naye mwezi wa sita anakuambia bonane yangu. Ukipatiwa kitu Noeli ni bonane, ukipatiwa wiki moja kisha ni bonane. Nyumbani kwetu hatukuwa na neno ingine. Nilipiga musitari mbili chini yake, ionekane.

Papa wa depo akasoma, akatikisa kichwa na furaha. "Bonane."

"Bonane," nikajibu.

Tulielewana kabisa. Akapiga kashe. Nilirudi nyumbani na ile resi mu mukono sawa muntu ametoka kubatizwa, nikaibandika ku ukuta juu ya meza, na mama akipita pale alikuwa anaisalimia: "Jambo, resi. Uliamka?"

Siku zikapita. Mbele ya Noeli siku tatu kambo akapiga simu kutoka kilima yake. Boti mbili zilikuwa zimefika Moba, koli za watu zilikuwa zimepanda na pikipiki, jirani yake alikuwa amepokea ya kwake na radio ndani. Ya kambo hapana.

Nilikimbia mpaka bandari. Sikungojea ata pikipiki.

Mu depo, upande wa kushoto kulikuwa tupu, sima, ile saruji ya chini, imefagiliwa. Upande wa kuume kulikuwa kilima ya makarton, na juu kabisa, imekaa starehe sawa chefu, karton yangu.

"Papa! Hii karton ni ya Kirungu!"

"Njo yake," papa akasema.

"Sasa iko inafanya nini hapa?"

"Inangojea."

"Inangojea nini?"

Akaniangalia juu ya lunette, na huruma. "Bonane."

Njo pale nikaona. Makarton yote ya ule upande yalikuwa yameandikwa BONANE. Moja ilikuwa imeandikwa UBATIZO. Ingine, ya chini, NDOA, KISHA PASAKA. Kumbe huyu papa alikuwa anapanga vitu kwa siku. Kila muntu anaandika siku yake, ya Noeli inaenda mbele, ya Bonane inafuata, na boti haizami. Alikuwa anafanya vile miaka mingi na kila muntu ku bandari anajua, isipokuwa mimi.

"Papa, bonane maana yake ni zawadi!"

"Zawadi ya nini?"

"Ya Noeli!"

"Ya Noeli ni Noeli." Akavua lunette. "Mademuazeli, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Uko na diplome?"

"Niko nayo."

"Ya Leta?"

"Ya Leta, papa."

Akamugeukia muntu wa mizani mwenye alikuwa anakula mihogo ku mulango. "Kuja usikie. Diplome ya Leta imeandika Bonane, ilitaka kusema Noeli."

Muntu wa mizani akameza kwanza. "Na ingekuwa Pasaka, angeandika nini?"

"Angeandika Matanga."

Walicheka mpaka papa akashikilia mizani, na sindano ya mizani ikapanda. Mimi nilikuwa nasikia machozi. Boti ya ajansi haingeondoka tena mbele ya sikukuu. Papa aliona uso yangu, akaacha kucheka. Yeye mwenyewe akashusha karton, akakata skoch na kisu yake, akaniacha nitoe ile sashe ya nguo. Akafunga tena vilivyobaki.

"Hizi zitafika Bonane, vile uliandika," akasema. "Na wewe sikia. Kesho kuna boti ya muntu binafsi, inaondoka kule chini ku muchanga. Inaenda Moba. Lakini hawakamate mizigo, watu tu. Jaribu."

Nilieleza mama yote. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kicheko yake, na maneno yangu ya kujibu yalikuwa tayari. Hakucheka. Akasema tu: "Kesho tuamuke mapema, tutafute mukono."

Kesho yake kule ku muchanga niliona kitu sikuwa nimeona bado mu maisha yangu: abiria wote walikuwa wanene. Papa mumoja alikuwa amevaa suruali tatu, miguu haikukutana. Binti mumoja alikuwa na makoti mawili na jua ya saa tatu juu yake, anatoka jasho kimya kimya. Mukubwa wa boti alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magoti, anapiga kelele:

"Muntu na kifurushi moja! Ata sashe ya pili hapana! Boti imeshiba! Mukiongeza, tutakunywa ziwa yote!"

Nikamufuata na sashe yangu. "Papa, ni nguo moja tu, ya kambo..."

"Kambo anapanda?"

"Hapana, kambo iko Kirungu."

"Basi na nguo ibakie."

Mama hakuwa amepoteza wakati naye. Alikuwa tayari anaongea na mwanamuke mumoja, mama mufanyabiashara mwenye mabega mapana, mwenye alikuwa ameuza maharagi yake Kalemie na sasa anarudi kwao kula Noeli. Na mama akaanza ile mitihani yake.

"Uko wa Kirungu?"

"Wa chini kidogo, lakini Kirungu ni kwetu."

"Wa upande ya mutoni ao ya misioni?"

"Ya mutoni."

"Basi unamujua yule muzee mwenye alikuwa na punda?"

"Punda mwenye alianguka mu shimo?"

"Njo huyo!"

"Alikuwa mujomba wa bwana yangu!"

Wakapigana mikono, wakaanza kumulilia punda. Motere ya boti ilikuwa inakohoa. Mukubwa wa boti alikuwa anahesabu vichwa. Mimi nilikuwa naruka ruka ku muchanga. "Mama! Mama, boti!"

"Mutoto huyu," mama akamuambia yule mwanamuke, "alizaliwa mwezi wa saba, hakungojea wa tisa."

Mwishowe wakafika ku nguo. Mwanamuke akaonyesha kifurushi yake, imejaa mpaka kamba inalia. Akafikiri. Akatabasamu.

"Kifurushi siwezi. Lakini nguo ya kuvaa si muzigo. Leta."

Pale pale akavaa libaya ya kambo juu ya robe, gauni yake, akajifunga kikwembe juu ya kikwembe. Ikamukaa! Ikamukaa sawa imeshonwa na yeye amesimama mbele ya mushonaji. Akajigeuza.

"Nani alipima hii?"

"Ni mukono ya mama," nikasema.

"Aksanti, mukono."

Mama akamueleza nyumba ya kambo, na njia, na ule muti wa parachichi wa kugeukia. "Na kama ukichelewa, usiende nyumbani. Asubuhi ya Noeli utamukuta ku kanisa."

"Kuchelewa? Kesho asubuhi niko Moba, kesho mangaribi niko kwake. Na sitavua hii nguo mpaka nimuone na macho yangu. Naapa."

Kiapo ni kitu nzuri, lakini mimi nilikuwa bado mimi. Nilipasua karatasi ya kaye, nikaandika juu ya goti: *Nimepokea kikwembe moja na libaya moja, vyote vimevaliwa.* Nikamupatia asinye, aweke jina yake. Mama akafunika uso. Mwanamuke akasinya, anacheka, na akaingia ndani ya maji. Mukubwa wa boti alimuangalia juu na chini.

"Mama, asubuhi ulikuwa mwembamba."

"Ni hewa ya ziwa," akasema, akapanda.

Ile siku mangaribi upepo ukapiga. Mulango wetu ulifunguka peke yake mara mbili, na ziwa tulikuwa tunaisikia kutoka nyumbani, na nyumbani kwetu haiko karibu. Kesho yake, siku ya mbele ya Noeli, tulikaa na simu katikati ya meza. Mangaribi ikafika, kambo akapiga.

"Bado," akasema.

Mama akamuambia labda boti ililala mu kijiji fulani kungojea ziwa itulie. Kambo akasema ndiyo, labda. Kisha akasema: "Musisumbuke. Kesho nitakaa benchi ya nyuma. Maharagi nimeshapeleka, wataweka muntu mwingine."

Hakusema na sauti ya mbuzi. Alisema polepole, sawa muntu amekaa karibu yako, na mimi nilijua kilima haikuwa imepungua, ni yeye alikuwa amepungua. Mimi ningekuwa nimeandika neno NOELI, herufi tano, sawa muntu yeyote, na ile nguo ingekuwa ku musumari yake tangu wiki iliyopita. Sikula. Mama akaniwekea chakula, akakifunika.

Asubuhi ya Noeli tulienda misa kwetu. Walipobeba matoleo, nilifunga macho.

Simu ililia kisha chakula cha saa sita. Mama akaweka sauti ya nje, na kabla ya salamu nyumba yote ikajaa:

"NANI ALITUMA NGUO YANGU NA MUNTU NDANI?"

Mama akaanza kucheka pale pale, bado hajasikia kitu.

"Ilifika?" nikauliza. "Kambo, ilifika?"

"Ilifika! Ilipita mbele yangu, ikaenda mpaka ku altare, ikarudi!"

Boti ilikuwa imelala siku nzima mu kijiji, ikafika Moba asubuhi ya Noeli. Yule mwanamuke akapanda pikipiki na matope, pikipiki ikakwama, akamaliza kilima na miguu, na akafika ku kanisa misa iko katikati.

"Mimi niko benchi ya nyuma, na kikwembe yangu ya zamani," kambo akasema. "Wale wengine watano wako ku mulango wanahesabiana, wa sita hakuna. Mara mwanamuke anaingia, matope mpaka magoti, kikwembe mupya! Anaangalia huku na huku. Kumbe ananitafuta mimi, ningejua wapi? Perezida wa kikundi akamukamata mukono: 'Umechelewa, kamata kikapo!' Anasema: 'Mimi natafuta kambo mumoja...' 'Utamutafuta kisha, kwaya imeanza!' 'Lakini mimi niko wa kanisa ingine!' Perezida anamuambia: 'Leo ni Noeli, sisi wote ni wamoja, enda!' Akaenda. Na kikapo yangu. Na maharagi yangu. Anatembea vizuri, ile mwanamuke. Nikamuonea wivu, mu misa, Mungu anisamehe."

Mama alikuwa ameshuka ku kiti, amekaa chini ku sima, anafuta macho na kikwembe.

Mimi sikuweza kucheka. "Kambo, kwa hiyo wewe haukubeba?"

"Misa ikaisha," akasema. "Tuko inje. Yule mwanamuke akasimama ku ngazi, akaita: 'Kambo wa watoto wa Kalemie ni nani?' Nikasema ni mimi. Akasema: 'Aksanti Mungu, nguo yako hii.' Akaanza kuvua mbele ya watu wote! Wamama wakapiga kelele, mukatekista akageukia ukuta, kumbe chini iko na robe yake na kikwembe yake. Perezida akaelewa. Haya ikamukamata. Akaenda mwenyewe kwa padri. Padri akasema kuna misa ya pili, ya watu wa vijiji vya mbali, basi nibebe mu misa ya pili. Wakanivalisha. Hii libaya mulipima na mukono ya nani? Waliweka pini sita nyuma."

"Misa ya pili watu ni wachache, kambo," nikasema.

"Ni wachache, ndiyo. Njo maana nilienda polepole, kila mumoja aone. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza tena. Wale watano nyuma yangu wananisukuma na vikapo. Padri alikuwa amenyoosha mikono kunipokea, mikono ikachoka, akaishusha."

"Kambo! Ulimungojesha padri ku altare?"

"Mimi nilingojea hii nguo tangu mwezi wa kumi," kambo akasema. "Na wao wangoje kidogo."